Mpira wa kulishia na asidi kupanda kwa mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo ndugu wa wagonjwa wanauliza pembeni ya kitanda, na mengine wanauliza manesi wapya wakishaona bosi kaondoka. Majibu yanamhusu mtu mzima aliyelazwa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), watoto wachanga wana mambo yao. Daktari anayemhudumia mgonjwa wako ndo anaijua hali yake, hapa utapata sababu ya yale unayoyaona yakifanyika.

Mbona ana mipira miwili, upi wa chakula upi wa hewa?

Ule mnene uliofungwa mdomoni na kuunganishwa na mashine ndo wa hewa, unapita katikati ya nyuzi za sauti unaingia kwenye bomba la hewa. Ule mwembamba unaotoka puani ndo wa chakula, unashuka na umio mpaka tumboni. Kuna wanaowekewa wa chakula nao kupitia mdomoni, hasa aliyevunjika fuvu sehemu ya chini, manake kwa huyo mpira wa puani unaweza kupotea njia ukaelekea kwenye ubongo, ni nadra sana ila imeshatokea.

Kwanini asinyweshwe hata maji kidogo kwa kijiko? Midomo imemkauka.

Hamezi. Maji ukimwekea ulimini yanateleza mpaka nyuma ya koo yanakaa pale yakisubiri pa kuteremkia, na pa kuteremkia penyewe ni upande wa mapafu. Midomo ikikauka mwambie nesi, ilowanishwe kwa pamba au sponji iliyokamuliwa vizuri, inatosha.

Asidi inapandaje wakati mtu amelala tu, wala hajala kitu kizito?

Mwisho wa umio, pale unapoingia tumboni, kuna msuli wa mviringo, ukimeza unafunguka, ukimaliza unajibana. Sasa kwa mgonjwa wa mashine karibu kila kitu kinachozuia asidi kupanda kimeharibiwa kwa wakati mmoja. Dawa za usingizi zinaulegeza huo msuli, dawa za maumivu za jamii ya mofini nazo zinaulegeza afu juu yake zinalifanya tumbo liwe zito kusukuma chakula kwenda mbele. Mpira wa chakula wenyewe umepita katikati ya huo msuli, kwahiyo haufungi vizuri, kama mlango ulioachiwa jiwe. Kalala, kwahiyo maji ya tumboni hayana mlima wa kupanda. Hamezi mate, na mate ndo yanayosafisha asidi ikishapanda. Weka juu yake sukari ya damu ikiwa juu, maambukizi makali, jeraha la kichwa, upasuaji wa tumbo, vyote hivi vinachelewesha tumbo kujimwaga.

Na wewe ukiwa macho asidi ikipanda unashtuka, kifua kinawaka, unainuka unakunywa maji. Huyu hashtuki, hakohoi sawasawa, na hawezi kumwambia mtu kwamba anasikia kiungulia. Ndo maana kucheua kwake kunakuwa kwa kimyakimya, mara nyingi hata tone halionekani mdomoni.

Lakini si kuna puto kwenye mpira wa hewa linaloziba njia?

Lipo, na linasaidia, ila watu wanalipa sifa zaidi ya uwezo wake. Lile puto linajazwa hewa ndani ya bomba la hewa ili hewa ya mashine isirudi juu, na presha yake inatakiwa iwe kati ya 20 na 30 kwa kipimo cha sentimita za maji. Ikishuka chini ya 20 maji yanapita pembeni, ikizidi 30 linaminya damu kwenye ukuta wa bomba la hewa na kuleta kidonda. Hata presha ikiwa sawa kabisa, plastiki ya puto inajikunja ikitanuka na kwenye yale makunyanzi ndo mate na maji ya tumboni yanapenyeza kidogokidogo.

Mwaka 2006 kuna utafiti wa Marekani ulioongozwa na Norma Metheny, wagonjwa 360 wa kwenye mashine wanaolishwa kwa mpira, wakapimwa makohozi yao kutafuta pepsini, kimeng'enya kinachotengenezwa tumboni. Karibu 9 kati ya 10 walikutwa nayo angalau mara moja. Yaani kupaliwa kidogokidogo ni kwa karibu kila mgonjwa, kazi iliyopo ni kupunguza wingi wake na uchafu wake. Ukilielewa hili, mengine yote huko chini yanaeleweka kirahisi.

Ipo mipira ya hewa yenye kitundu juu ya puto cha kunyonyea maji yanayotuama pale, hiyo ni mizuri kwa mtu atakayekaa kwenye mashine zaidi ya siku mbili tatu.

Si wanampa omeprazoli? Hiyo si ndo inazuia asidi kupanda?

Hapana, na hili ndo swali ambalo naona linapotosha watu kuliko yote, wakiwemo wahudumu. Omeprazoli, pantoprazoli na ndugu zao zinapunguza ukali wa asidi inayotengenezwa. Hazifungi msuli, hazilisukumi tumbo, maji yaliyokuwa yanapanda yanaendelea kupanda, tofauti ni kwamba sasa hayaunguzi sana. Chakula kinapanda vilevile, nyongo inapanda vilevile, bakteria nao wanapanda.

Kwahiyo wanampa ya nini? Anapewa kwa ajili ya kidonda. Mtu mahututi anaweza kupata vidonda vya tumbo ghafla vikavuja damu, na aliye kwenye mashine zaidi ya saa 48 au ambaye damu yake haigandi vizuri ndo yuko kwenye hatari kubwa, hilo linajulikana tangu utafiti wa Deborah Cook na wenzake wa 1994. Majaribio makubwa yaliyofuata yameonyesha faida iko hapohapo kwenye kutoka damu. Lile la SUP-ICU la 2018, watu karibu 3,300, damu kutoka kwa kiasi cha kutisha ilikuwa asilimia 2.5 kwa waliopewa pantoprazoli na 4.2 kwa wasiopewa, ila vifo vilikuwa sawa. La REVISE la 2024, watu 4,821 wote wako kwenye mashine, ikawa asilimia 1.0 kwa 3.5, vifo havikutofautiana kwa maana, na nimonia ilikuwa karibu sawa pande zote mbili. Hiyo ya nimonia ndo ya kushika hapa, manake kama dawa ya asidi ingekuwa inazuia madhara ya kucheua tungeiona inashuka, haikushuka.

Kulikuwa na hofu ya upande wa pili pia, kwamba tumbo likipoteza ukali wake bakteria wanazaliana humo afu wanapanda nao, hofu yenye mantiki, ila kwenye hayo majaribio mawili nimonia haikupanda. Ninachosema mimi ni kwamba dawa aliyopewa mgonjwa kwa ajili ya damu isimfanye mtu ashushe kitanda akidhani reflaksi, yaani huku kupanda kwa asidi, imeshatibiwa.

Kwanini kitanda kimeinuliwa hivyo, shingo haimuumi?

Kimeinuliwa makusudi, kati ya digrii 30 na 45. Hospitali moja ya Barcelona mwaka 1992 waliweka alama ya mionzi kwenye maji ya tumboni mwa wagonjwa wa mashine afu wakaipima kwenye makohozi, aliyelala chali ilikuwa nyingi zaidi na kila saa inavyosogea inaongezeka, aliyeinuliwa ilikuwa kidogo. Mwaka 1999 hukohuko Hispania wakalinganisha watu 86, waliolazwa chali 16 kati ya 47 walihisiwa kupata nimonia, walioinuliwa 3 kati ya 39. Ni utafiti mdogo na haujamaliza ubishi wote, lakini kuinua kitanda hakuna gharama na hakuna dawa ya kununua, sioni sababu ya kusubiri ushahidi mwingine.

Shida iko kwenye kutekeleza. Waholanzi walijaribu 2006 kuwaweka wagonjwa kwenye digrii 45, na wakawa wanapima kweli kwa kifaa badala ya kuuliza, wastani ukaishia kama 28 siku ya kwanza na karibu 23 siku ya saba. Yaani hata kwenye utafiti wenye usimamizi kitanda kinashuka chenyewe, mtu anageuza mgonjwa anashusha anasahau, mwingine anakuja kupima moyo anashusha, mgonjwa mwenyewe anateleza kwenda miguuni.

Hilo la kuteleza liangalie kwa makini. Tazama pale godoro linapokunja, panatakiwa paendane na nyonga za mgonjwa. Ukikuta godoro linakunja mgongoni kwake, ujue kifua kimebanwa juu ya tumbo, kichwa kipo juu ila tumbo limeminywa katikati, na tumbo lililominywa linasukuma vitu juu. Huyo inabidi avutwe kwenda kichwani mwa kitanda ndo kiinuliwe upya. Na usikadirie kwa macho, 20 inaonekana kama 35 ukiwa umesimama pembeni, vitanda vingi vya ICU vina kipimo kidogo chenye mshale au kigololi kwenye reli ya pembeni, soma hicho.

Aliyeumia uti wa mgongo hakunjwi kiunoni, kitanda kizima kinainamishwa kichwa juu miguu chini. Na ambaye presha yake imeanguka sana anaweza kushushwa kwa muda, hapo daktari ndo anaamua.

Nikikuta kitanda kimeshushwa nikiinue mwenyewe?

Usiinue, muulize nesi. Huenda kuna sababu, na kuna mipira mingi pale ya kukwama. Ila uliza, usione aibu, swali la ndugu "mbona leo kiko chini?" limewahi kusaidia wengi.

Wanajuaje mpira uko tumboni na sio kwenye mapafu?

Kwa eksirei, hiyo ndo ya kuaminika kabla ya kulisha mara ya kwanza. Mpira unapimwa kabla ya kuingizwa, kutoka ncha ya pua mpaka sikioni mpaka chini ya mfupa wa kifua, kwa watu wazima wengi inaangukia kati ya sentimita 50 na 60, afu alama ya puani inaandikwa kwenye faili na kukaguliwa kila zamu. Ile njia ya kupuliza hewa kwa sirinji na kusikiliza tumboni kwa stetoskopu bado inafanyika sehemu nyingi na kwa kweli ilitakiwa iwe imeshaachwa, mpira ukiwa kwenye pafu unaweza kusikia mlio uleule. Kwa mtu aliye macho kuingia njia ya hewa kungemfanya akohoe sana, aliyelazwa usingizi hakohoi, kwahiyo ukimya wake haukuambii chochote.

Kuna pia karatasi za kupima asidi ya maji yaliyovutwa, Uingereza wanakubali ikisoma 5.5 kushuka chini. Sasa anayepewa pantoprazoli anaweza kusoma 6 na mpira uko tumboni vizuri tu, huyo anarudi kwenye eksirei.

Halafu jambo linalohusu reflaksi moja kwa moja: mpira unaweza kuwa haujaingia mapafuni na bado ukawa umekaa vibaya. Mpira una matundu kadhaa pembeni, ncha ikiwa imeingia tumboni kidogo tu tundu la juu linabaki ndani ya umio, na chakula kinamwagwa humohumo kwenye umio. Alama ya puani iliyokuwa 58 ikisomeka 50 asubuhi, pampu ya chakula inazimwa kwanza, maswali baadaye.

Wanavuta maji ya tumbo kwa sirinji wanapima, yakiwa mengi wanasimamisha chakula. Ni sawa?

Hapa mambo yamebadilika na sio kila wodi imebadilika nayo. Zamani mabaki ya mililita 150 au 200 yalitosha kusimamisha chakula. Mwaka 2010 Wahispania wakalinganisha kikomo cha 200 na cha 500, waliowekewa 500 hawakupata nimonia zaidi. Mwaka 2013 Wafaransa wakaenda mbali, wagonjwa 449 wote kwenye mashine, nusu wakapimwa mabaki nusu hawakupimwa kabisa, nimonia ikawa asilimia 15.8 kwa waliopimwa na 16.7 kwa wasiopimwa, tofauti isiyo na maana. Wasiopimwa walipata chakula zaidi. Walitapika zaidi pia, hilo lisifichwe, ila kutapika huko hakukuleta nimonia zaidi.

Miongozo ya Marekani ya 2016 ikasema kupima mabaki kila mara si lazima, na anayepima asisimamishe chakula kwa kilicho chini ya 500 kama hakuna dalili nyingine. Ya Ulaya ya 2019 inasema kuchelewesha kama mabaki yamezidi 500 ndani ya saa 6.

Mawazo yangu, namba ya sirinji inaonekana kama sayansi kwa sababu inaandikwa kwenye karatasi, lakini inategemea sirinji ni kubwa kiasi gani, mpira ni mwembamba kiasi gani, ncha iko wapi, na mgonjwa amelalia ubavu gani. Watu wawili wanapima mgonjwa mmoja wanapata majibu mawili. Tumbo lililojaa na kukaza ukiligusa, kutapika, chakula kuonekana mdomoni, hivyo ndo vya kumfanya mtu asimame afikiri. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa tumbo ni habari nyingine, huyo anaweza kuhitaji kupimwa.

Si bora wasimlishe kabisa mpaka apone, hatari yote iishe?

Haiishi. Tumbo la mtu mzima linatengeneza kama lita moja na nusu mpaka mbili za maji yake lenyewe kwa siku, na mate anayozalisha ni zaidi ya lita, kwahiyo ukimnyima chakula bado kuna cha kupanda, tena asidi tupu isiyo na chakula cha kuipunguza makali. Upande wa pili misuli inaisha haraka ajabu kwa mtu mahututi, pamoja na misuli ya kupumua, na ukuta wa utumbo usiopata kitu unadhoofika. Ndo maana inashauriwa kuanza ndani ya saa 24 mpaka 48, kwa kiasi kidogo, kama mililita 10 mpaka 20 kwa saa, afu inapandishwa.

Wakati wa kusubiri ni pale presha imeanguka na dawa za kuipandisha zinazidi kuongezwa. Utumbo wakati huo haupati damu ya kutosha, ukiupa kazi unaweza kufa. Utafiti mmoja wa Ufaransa wa 2018, watu 2,410 wenye hali hiyo, waliolishwa mapema kwa mpira walipata tatizo hilo zaidi kuliko waliolishwa kwa mshipa, asilimia ndogo, kama 2, lakini ni jambo zito. Akitulia, anaanzishwa.

Chakula cha kwa mshipa kingetatua?

Hakigusi asidi wala mate. Kinatumika utumbo ukishindwa kazi.

Anatapika au tumbo limejaa, kuna dawa?

Kwanza angalia choo mara ya mwisho ilikuwa lini, manake mofini inamfunga na tumbo linajaa kwa nyuma. Punguza dawa za usingizi kama inawezekana, rekebisha potasiamu na sukari. Baada ya hapo kuna erithromaisini, ndiyo ileile antibiotiki, kwa dozi ndogo inalisukuma tumbo, na kuna metoklopramidi. Zote mbili zinaanza kuchoka ndani ya siku chache, na zote zinaweza kuvuruga umeme wa moyo, kwahiyo ECG (kipimo cha umeme wa moyo) inaangaliwa, hasa kama kuna dawa nyingine yenye tabia hiyohiyo. Kulisha taratibu kwa pampu badala ya kumwaga yote kwa mkupuo nako kunamfaa anayecheua.

Nimesikia kuna mpira unaovuka tumbo kabisa mpaka kwenye utumbo. Kwanini asiwekewe huo?

Anaweza kuwekewa, na kwa anayecheua sana licha ya dawa, au ambaye ana hatari kubwa ya kupaliwa, una maana. Kuuweka kwa kila mtu haijaonekana kuokoa maisha. Unahitaji mtu mwenye ujuzi au mashine ya eksirei kuupitisha, mgonjwa anaweza kukaa na njaa siku nzima akisubiri huo mpira wakati angekuwa ameshaanza kulishwa tumboni. Na ukishawekwa asidi ya tumboni ipo palepale, wengine wanabaki na mpira wa pili wa kutoa maji ya tumbo.

Na ule unaotobolewa tumboni, PEG?

Huo ulielezwa mara ya kwanza 1980 na Gauderer na Ponsky wa Cleveland, Marekani. Unafikiriwa pale inapoonekana atahitaji mpira zaidi ya wiki nne hivi. Unampunguzia kero ya pua na ule msuli hauna tena kitu kilichopita katikati, ila anayecheua anaweza kuendelea kucheua, kuinua kichwa kunabaki palepale.

Amelazwa kifudifudi, bado analishwa?

Ndiyo, kulala kifudifudi sio sababu ya kumnyima chakula. Kitanda kizima kinainamishwa kichwa juu, digrii 10 mpaka 25. Pampu inasimamishwa wakati wa kumgeuza, na tumbo linavutwa maji kabla, afu inawashwa tena. Kutapika kunaweza kuongezeka kwa hao, kwahiyo wanaanza na kiasi kidogo.

Kila akigeuzwa au akiogeshwa wanazima pampu. Lazima?

Kumgeuza ubavu dakika mbili, sio lazima kivile. Kumlaza chali kabisa kwa muda mrefu, kumpeleka kwenye CT (kipimo cha picha), kumtoa mpira wa hewa, hapo inazimwa. Tatizo ni kuwasha tena. Pampu iliyozimwa saa nne asubuhi kwa ajili ya kipimo unaikuta saa kumi jioni bado imelala, kipimo chenyewe kiliahirishwa. Zikijumlishwa saa hizo kwa wiki, mgonjwa amekula nusu ya alichoandikiwa na hakuna aliyeamua hivyo.

Zamani walikuwa wanaweka rangi ya bluu kwenye chakula waone kama kinaingia mapafuni, siku hizi vipi?

Iliachwa. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo 2003 baada ya wagonjwa kubadilika rangi ya ngozi na wengine kufa, na hata hivyo kupaliwa kwingi hakukuwa kunaonekana kwa rangi.

Nimeona chakula kinatoka puani au mdomoni, nifanye nini?

Ita nesi sasa hivi, kwa sauti. Usimfute kwanza, usimnyanyue, usiguse mpira. Atazima pampu, atanyonya mdomo na koo, atageuza kichwa pembeni, ataangalia alama ya mpira na presha ya puto. Daktari hatakimbilia antibiotiki hapohapo kila mara, maji ya tumbo yakiingia mapafuni yanaunguza kwanza, homa na picha mbaya ya kifua vinaweza kutulia vyenyewe kwa siku mbili bila kuwa na maambukizi. Tatizo hilo la asidi kuunguza mapafu lilielezwa na Curtis Mendelson tangu 1946, kwa akina mama waliopaliwa wakiwa wamepewa dawa za usingizi wakati wa kujifungua.

Kusafisha mdomo kunahusiana vipi na tumbo?

Kinachopita pembeni ya puto ni mchanganyiko wa mate na cha tumboni, na mate machafu yana bakteria wengi kuliko unavyodhani. Mswaki laini, meno yote, ulimi, kila zamu, huku maji yakinyonywa. Dawa ya klorheksidini iliyokuwa inasifiwa sana imepoteza nafasi, miongozo ya Marekani ya 2022 ilisema isitumike kwa lengo la kuzuia nimonia, mswaki ukabaki.

Anahara tangu aanze kulishwa, ni chakula?

Mara nyingi ni dawa. Dawa za maji zina sorbitoli, utamu unaolegeza choo, antibiotiki zinavuruga utumbo. Wapime kwanza, chakula kisilaumiwe mapema.

Mpira unaziba kila siku

Maji ya uvuguvugu mililita 30 kila saa 4, na kabla na baada ya kila dawa. Dawa zisagwe moja moja na zisichanganywe na chakula. Vidonge vya kutoa dawa taratibu havisagwi kabisa, na chembechembe za omeprazoli zina sifa mbaya ya kuziba mipira myembamba, daktari aombwe aina nyingine. Soda haisaidii, asidi yake inagandisha protini ya chakula.

Alikuwa na asidi tangu zamani, kabla hajaumwa hivi. Niwaambie?

Waambie, pamoja na dawa aliyokuwa anatumia na kama aliwahi kuambiwa ana henia ya kiwambo, yaani sehemu ya tumbo imepanda kifuani. Haitabadilisha mengi lakini inaweza kuamua nani awekewe mpira wa kuvuka tumbo mapema, na wengine dawa zao za nyumbani zilisimama siku waliyolazwa bila mtu kujua kwamba zilikuwepo.

Ametolewa mpira wa hewa, sasa anaweza kula?

Subiri apimwe kumeza. Koo lililokaa na mpira siku nyingi linakuwa zito, nyuzi za sauti zimevimba, na anaweza kupaliwa bila hata kukohoa. Mpira wa chakula mara nyingi unaachwa palepale mpaka ameze vizuri, na kitanda kinabaki juu, akila anakaa wima na akimaliza hashushwi mara moja. Anayesikika sauti yenye majimaji akiongea baada ya kunywa, simamisha kinywaji umwite nesi.